Nani Anawalilia Waliofyonzwa?

Misalaba ilikuwa inapinda. Kama umeiona Vampire Hunter D: Bloodlust, ile anime, filamu ya katuni ya Kijapani, hiyo sehemu huwezi kuisahau, usiku wa manane, mji umelala, gari jeusi la farasi linapita na kila linapopita vitu vinakufa, maua yananyauka, maji yanaganda, misalaba ya chuma inajikunja yenyewe bila kuguswa na mtu, na ndani ya nyumba moja kubwa kuna binti anaitwa Charlotte ambaye asubuhi hatokuwepo.

Nilikuwa sebuleni kwa bibi, Tanga, laptopu mapajani, sauti nimeishusha manake nilijua kalala. Kumbe kasimama nyuma yangu na kanga yake begani, sijui toka saa ngapi.

"Huyo ni mumiani?"

Nikamwambia ni jamaa yake, bibi, ila huyu wa Ulaya na waliomchora ni Wajapani. Akavuta kiti akakaa. Kiingereza hajui na hakuniomba nimtafsirie, aliangalia tu mpaka mwisho, mpaka pale roketi inaporuka na Meier Link, yule vampaya wa gari jeusi, yumo ndani na maiti ya Charlotte mpenzi wake, anaondoka kwenda huko kwenye nyota ambako alimuahidi wangeishi. Mimi pale koo hunikaba kila mara. Likanikaba na siku ile. Bibi akanigeukia.

"Huyu bwana mmemlilia. Na wale waliofyonzwa huko nyuma mjukuu wangu, nani anawalilia?"

Akaenda kulala.

Lile swali

Nilidhani litaisha asubuhi. Wiki zimepita na bado lipo, nikiwa kwenye daladala lipo, nikifungua muvi nyingine kabisa nalo lipo. Manake mi hizi anime za giza na vampaya nazipenda kweli, siyo za kupitishia muda, na ukiniuliza kwa nini nilikuwa na majibu yangu tayari mfukoni, michoro, muziki, yule D mwindaji wa vampaya na kofia yake pana, upweke wake. Bibi hakuuliza hayo. Aliuliza machozi yangu yanaenda kwa nani.

Sikuwa na la kumjibu.

Giza linavyotengenezwa

Nianze na macho, manake macho ndo yaliyokamatwa kwanza.

Bloodlust iliongozwa na Yoshiaki Kawajiri kwa studio ya Madhouse, ikatoka mwaka 2000. Hadithi ni ya Hideyuki Kikuchi aliyeanza kuandika habari za D mwaka 1983, na aliyezipa zile riwaya sura ni Yoshitaka Amano, huyuhuyu wa Final Fantasy kwa mliocheza magemu, zile sura nyeupe ndefu na nguo zinazoelea ovyo utadhani hazina mwili ndani. Kulikuwa na filamu nyingine ya D mwaka 1985, ya Toyoo Ashida, nayo naipenda kwa ukali wake, ila kwa uzuri haifiki hapa.

Sasa angalia ile kazi ya mikono ya enzi zile. Mtu anachorwa, mchoro unahamishiwa kwenye plastiki inayopitisha mwanga, rangi inapakwa upande wa nyuma, alafu ile plastiki inalazwa juu ya mandhari iliyopakwa rangi kwa brashi na inapigwa picha, moja, nyingine, nyingine, maelfu. Ukitaka jicho liwake au mwezi ung'ae unaziba kila kitu kwa cheusi, unaacha tundu pale penye jicho tu, unawasha taa kutoka chini na kupiga tena kwenye fremu ileile. Yaani ule mwanga unaouona kwenye macho ya vampaya wa anime za zamani ni mwanga wa kweli, ni taa ilipita kwenye tundu ikaingia kwenye kamera.

Nilipolijua hili nilielewa kwa nini giza lao lina uzito ambao sijauona kwenye vitu vingi vya sasa. Limezibwa kwa mkono. Mtu alikaa akaamua wapi mwanga usipite.

Na yale majengo. Ule mtindo wa Gothic, wenye zile tao zilizochongoka juu, ulianza kule Ufaransa, kanisa la Saint-Denis, miaka ya 1140, na abati Suger, mkuu wa watawa aliyelijenga upya, alikuwa anatafuta mwanga, alitaka madirisha yawe makubwa kiasi kwamba ukuta ubaki kidogo tu, jua lipite kwenye vioo vya rangi. Miaka mia sita baadae Waingereza wakaanza kuandika riwaya za kutisha zinazotokea ndani ya majengo ya aina hiyo, yamechakaa, wenyewe wameshakufa au wanakaribia. Kasri la Chaythe kwenye Bloodlust limebeba vyote viwili. Madirisha bado marefu, tao bado zinapanda mpaka shingo inakuuma kuzifuata, ila kinachoingia ni mwezi.

Jumba lililojengwa kwa ajili ya jua likabaki na mwezi. Hapo huzuni imeshaanza kabla mtu hajafungua mdomo.

Kabaila aliyechelewa

Hadithi za D zinatokea mwaka 12,090, vampaya wametawala dunia kwa maelfu ya miaka, wanaitwa Makabaila na watu wamezoea kuwaita hivyo hata kwa chuki, na sasa wanakwisha. Meier Link ni mmoja wa waliobaki. Baba yake Charlotte anamkodi D amrudishe binti, na kama ameshageuzwa basi amuue, na upande wa pili wamekodiwa ndugu wa Marcus, Borgoff na wenzake, wanaowinda kwa pesa na kwa raha. Alafu inakuja kujulikana kwamba Charlotte hakutekwa. Alikwenda kwa miguu yake. Anampenda, na Meier anampenda, na hajamgusa shingo pamoja na kiu yote.

Hapo ndo tunapolainika wote. Mtu anayeweza kuchukua na hachukui.

Mi kwa miaka nilijiambia kinachonivuta ni muda. Vampaya ana muda kupita kiasi na bado anachelewa, kajifunza upole wakati watu wake wameshauharibu ulimwengu wote, kapata mtu wa kumpenda wakati hakuna tena mahali pa kukaa na mtu huyo. Nani hajawahi kufika na kitu kizuri saa ambayo mlango umeshafungwa? Hilo bado naliamini, sijalitupa.

Ila bibi ni mtu wa Azimio la Arusha. Mtu anayeishi kwa kinachotoka mwilini mwa wengine kwake ana jina moja tu, kupe, na kupe hapewi muziki wa kumsindikiza.

Mumiani hakuwa na kasri

Siku nyingine nikamuomba anisimulie. Alikulia Pangani, wakati wa Mwingereza, na anasema ikishaingia magharibi watoto wote ndani, manake mumiani anapita. Anapitaje? Na gari, taa zimezimwa. Wanakukamata, wanakuning'iniza kichwa chini, damu inachuruzika kwenye ndoo, inapelekwa wanakojua wenyewe ikawe dawa. Kule Nairobi na Kampala wengi wenu mtakuwa mmesikia kwa wazee hadithi ileile na jina la wazimamoto, gari jekundu, mipira ya maji, watu wa serikali waliovaa sare. Ulaya mnyonya damu alikuwa na jeneza na cheo cha ukoo. Kwetu alikuwa na ajira.

Nikamuuliza, sasa huyo mumiani alikuwa nani hasa, alikuwa anaitwaje? Bibi hajui. Hakuna aliyejua. Hana uso, hana mke, hana historia. Ila waliopotea anawajua. Akaanza kunitajia, fulani wa fulani aliyekwenda kuuza samaki hakurudi, yule binti wa jirani aliyetumwa chumvi, kijana mmoja aliyekuwa anacheza dansi vizuri kuliko wote pale mtaani. Kama kweli walichukuliwa na mumiani au walizama baharini au walikimbia tu kutafuta maisha mjini mi sijui, na sidhani kama ni hoja. Miaka zaidi ya sabini na bado anao, kwa majina na kwa tabia zao.

Hapo ndo nilipoanza kuona kitu.

Hadithi za bibi zinawapa majina waliofyonzwa, mfyonzaji hana. Muvi zangu zinampa jina mfyonzaji, zinampa nyumba, ukoo, mavazi, mapenzi, na waliofyonzwa ni umati.

Ule mji

Nikarudi kuiangalia tena peke yangu, safari hii nikaenda moja kwa moja pale ndugu wa Marcus wanapotambulishwa. Mnaikumbuka. Wanaingia mji ambao wakazi wote wameshageuzwa, viumbe vinatoka kila kona, na jamaa wanavimaliza, Borgoff na mishale yake, Nolt na lile nyundo, Kyle na zile panga zilizopinda anazorusha zikamrudia. Kwa uchoraji wa mapigano hiyo sehemu ni darasa. Nimeshawahi kumuonyesha rafiki yangu sehemu hiyo tu ili nimshawishi aangalie iliyobaki.

Sasa nikajaribu kuwaangalia wanaokufa. Nikawa nasimamisha fremu kwa fremu. Wamevaa nguo za kazi za kila siku. Watu wa kawaida, waliamka siku moja kabla ya hapo wakachota maji wakafungua maduka, alafu wakafyonzwa, alafu wakaja kuuawa mara ya pili, na hiyo mara ya pili ndo yenye muziki na ndo tunayoshangilia. Hakuna hata mmoja anayeitwa kwa jina. Hakuna anayesimama dakika moja akasema huyu nilikuwa namjua. Kwa Charlotte mmoja filamu nzima inalia, na sawa, ilie, lakini mji mzima umepita kwa dakika chache na hata mimi niliyeiangalia mara nyingi siwezi kukwambia ulikuwa na watu wangapi.

Nilikaa na hilo muda mrefu. Nilifikia hatua nikaogopa kwamba labda uzuri wenyewe ndo ujanja, kwamba ukimchora mtesaji vizuri vya kutosha, ukampa pua iliyonyooka na sauti ya taratibu, waliomfia watasahaulika bila mtu kuamua kuwasahau. Na mi nimekulia nchi ambayo mazoezi ya kulilia majumba ya wakubwa wa zamani hatuna, tuna magofu ya kutosha pwani hii na tunajua yalijengwa na nani na kwa mikono ya nani.

Karibu niziache kabisa hizi muvi. Kweli.

Mzee wa farasi

Kilichonizuia ni sehemu ndogo ambayo zamani nilikuwa naipitisha haraka.

D anahitaji farasi. Anaingia mji mmoja kununua na sherifu na watu wake wanamzunguka na bunduki, kwa sababu D ni chotara, baba vampaya mama binadamu, na chotara hatakiwi mjini. Hajafanya kitu. Ana pesa, anataka kulipa aondoke. Anayemtetea ni mzee mwenye farasi, anamwelekezea sherifu bunduki na kusimulia kwamba zamani yeye akiwa mtoto walichukuliwa watoto na vampaya, na aliyewaokoa alikuwa chotara, na wazee wa wakati ule badala ya kumshukuru wakamfukuza. Mzee ana mvi, anakufa karibuni. Aliyemuokoa kasimama mbele yake hajabadilika hata kidogo.

Nikakumbuka Malawi. Oktoba 2017, wilaya za kusini, uvumi wa wanyonya damu ulisambaa mpaka watu wakaanza kuwapiga wageni hadi kuwaua, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake kwenye baadhi ya wilaya. Na nikamuuliza bibi, enzi zenu aliwahi kukamatwa mtu akaitwa mumiani? Akanyamaza kidogo. Akasema ndio, alipigwa mtu. Mgeni, hakuwa na ndugu pale. Jina lake? Hakulijua.

Sikumsukuma zaidi, ni bibi yangu. Ila nililiona, na nadhani na yeye aliliona. Mumiani asiye na uso ni hatari kwa sababu uso wowote unaweza kumfaa. Anayepita usiku, anayeongea lahaja nyingine, mwenye begi, daktari, mzima moto. Na hizi anime, kwa kumpa mnyonya damu uso wake mwenyewe na jina lake mwenyewe, zinakulazimisha umtazame huyu na siyo yeyote, uulize huyu kafanya nini. Sherifu hakuuliza. Mzee wa farasi ndo aliyeuliza, na jibu alilibeba tangu utotoni.

Kwahiyo huruma kwa anayeitwa vampaya siyo upuuzi. Kuna watu wangekuwa hai leo kama kungekuwa na huruma hiyo kidogo.

Ila bado haijamjibu bibi, manake Meier hakusingiziwa. Meier ni kabaila kweli.

Yokota, 1966

Kuna nyingine ya mwaka uleule 2000, Blood: The Last Vampire, ya Production I.G, Hiroyuki Kitakubo kaiongoza, fupi, haifiki saa moja. Nilikuwa siiweki juu kwa sababu haina kasri. Baada ya bibi nimeirudia na sasa naiona kubwa kuliko nilivyodhani.

Ni 1966, kambi ya ndege za Wamarekani kule Yokota, Japani, vita vya Vietnam vinaendelea, na viumbe vinavyokula watu vimejificha ndani ya kambi, vimevaa sura za watu. Saya, binti anayewinda viumbe hivyo, anatumwa na upanga wake, sare za shule, hana urafiki na mtu. Giza lake ni la kijani na kahawia, giza la taa za barabarani na mafuta ya ndege. Na ndege hazikomi kuruka juu yao. Wewe unaangalia kama Saya atakimaliza kiumbe kimoja na juu ya kichwa chake linapita dude limebeba mabomu kwenda kuua wengi kuliko viumbe vyote vya muvi nzima. Hiyo ndo karibu kabisa na mumiani wa bibi. Damu iko kwenye injini, kwenye sare, kwenye lango lenye mlinzi.

Alafu mwisho. Saya anakikata kile cha mwisho kwenye uwanja wa ndege, kimelala kinakufa, na yeye anakisogelea na kukidondoshea damu yake mwenyewe mdomoni. Hasemi kitu. Kazi yake ameifanya, hajakiachia kwenda kuua, na bado kakipa kitu cha mwisho kilichokuwa kinatafuta, kutoka kwenye mwili wake na siyo wa mtu mwingine.

Hii huruma ina gharama na anayeilipa ni mwenye huruma. Yangu mimi pale sebuleni ilikuwa inalipwa na ule mji wa watu wasio na majina.

Leila

Basi nikairudia Bloodlust tena nikijua naangalia nini, na aliyenisimamisha ni Leila.

Leila ni mmoja wa wale wawindaji wa kundi la Marcus, na vampaya ndo walioharibu familia yake, ndo maana anawinda. Yeye ni wa upande wa bibi kabisa. Kuna usiku wapo wao wawili, D kaumwa na jua mpaka imebidi ajifukie ardhini apate nguvu, na Leila anamwambia D hofu yake, kwamba akifa hatokuwepo wa kumlilia, hakuna atakayeleta ua kaburini. Wanakubaliana. Atakayebaki hai atampelekea mwenzie maua.

Na filamu haiishii kwenye ile roketi! Mi nimeisimulia mara ngapi kwa watu na kila nikisimulia naishia roketi, kwa sababu hapo ndo koo lilikuwa linanikaba. Inaishia makaburini, miaka mingi baadae, mchana, jua limewaka. Leila kazeeka kafa. D amekuja kutimiza ahadi akidhani atamkuta yuko peke yake, na anakuta umati wa watu, watoto, wajukuu, mjukuu mmoja wa kike anakuja kuongea naye. D aliogopa hakuna atakayemlilia Leila, na anafurahi kwamba alikosea.

Yaani baada ya kasri lote, baada ya mwezi na tao na mapenzi ya kabaila, mtu wa mwisho kuliliwa ni binadamu ambaye familia yake ilifyonzwa. Na waliokuja ni wake mwenyewe, aliwazaa baada ya yote yaliyompata. Chotara kasimama kando na maua, hajipi nafasi ya mbele.

Nilimwambia bibi hili. Akasema, "Huyo kazikwa vizuri." Alafu akaniuliza na wale wa ule mji je, maana na yeye ule mji aliuona, kumbe.

Wale bado. Na hapo siwezi kuitetea filamu, hata kwa mapenzi yote niliyonayo kwayo. Kawajiri alikuwa na mikono ya kuchora kila tofali la Chaythe, kila pindo la joho la Meier, alikuwa na muda wa misalaba inayojikunja mmoja mmoja, na angeweza kabisa kumpa mwanamke mmoja wa ule mji sekunde chache, mlango wake, jina lake likiitwa na mtu ndani. Isingepunguza giza hata kidogo. Ingeliongeza. Nikiipata anime ya vampaya inayofanya hivyo nitaiweka juu ya hii, na kama mnaijua niambieni, niko tayari kuitafuta popote ilipo.